Sukari Guru Ndani ya Bomba

Wasikilizaji wapendwa, kabla sijasema lolote, nina ombi. Popote ulipo, gonga kitu kilicho karibu nawe. Meza, mlango, ukuta, chochote. Gonga kwa kifundo cha kidole, mara moja tu. Halafu tega sikio.

Umesikia nini? Hukusikia kitu. Meza haijibu.

Mtu tunayemkumbuka leo aliishi miaka yake ya mwisho katika chumba ambacho ukigonga ukuta wake, ulijibiwa. Na jibu la mwisho lililotoka humo, Jumanne asubuhi, hakulitoa yeye. Nitafika huko. Usiondoke.

Bomba amefariki. Alikuwa na miaka sitini na mitatu. Alikuwa mpuliza dawa katika shamba kubwa la matikiti na matango, nje kidogo ya mji. Amepuliza dawa miaka ishirini na sita. Ameacha mke, binti mmoja, na dada yake mkubwa, mfuga nyuki. Nasema tena kwa aliyefungua redio sasa hivi: Bomba, mpuliza dawa, amefariki Jumanne asubuhi.

Wengi mnalijua jina hilo kwa sababu ya sheria ya viuatilifu. Kile kifungu cha saba, kinachokataza mtu kuchanganya dawa ya wadudu na kitu chochote kitamu, watu wanakiita kifungu cha Bomba. Hawakukosea kukiita hivyo. Lakini wengi wanadhani kiliitwa hivyo kwa kumsifu. Sivyo.

Kwenye kumbukumbu kama hizi, marehemu hupakwa mafuta mpaka akang'aa. Leo hatapakwa. Dada yake amekataza. Amesema hivi: "Ukisema mdogo wangu alikuwa malaika, nitazima redio. Sema alichofanya. Yeye mwenyewe alikisema mbele ya watu, wewe unaona haya ya nini?"

Basi tunasema.

Jina la Bomba lilitokana na lile bomba la mgongoni, la lita ishirini, lenye mkono wa kusukuma upande mmoja na mpira wa kunyunyizia upande wa pili. Alilibeba mpaka mwili ukalizoea. Hata asipokuwa nalo alitembea ameinama mbele kidogo, bega moja chini. Siku ya harusi ya binti yake aliingia ukumbini hivyohivyo. Mke wake anacheka akikumbuka, halafu anafuta macho. "Nilimnong'oneza, baba, shusha bomba, tumefika."

Alikuwa fundi kweli. Alijua upepo ukigeuka kabla jani halijatikisika. Alipima dawa kwa kifuniko cha chupa, vifuniko viwili kwa bomba moja. Maelezo kwenye kibandiko hakuyasoma. Yaliandikwa kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, tena kwa lugha ambayo yeye hakuijua na msimamizi wake hakuijua pia. Wote wawili waliangalia rangi ya chupa.

Ng'ambo ya uzio wa waya wa shamba lile, hatua kama mia mbili, ndipo anapoishi dada yake. Alikuwa na mizinga arobaini. Macho yake yalianza kuingia ukungu mapema, kwa hiyo nyuki wake aliwakagua kwa sikio. Kila asubuhi alipita mstari kwa mstari, anagonga kila mzinga mara moja, anainama, anasikiliza.

Miaka minane iliyopita mwandishi wa kituo chetu alikwenda kumrekodi kwa ajili ya kipindi cha wakulima. Kanda hiyo tunayo. Upande wa kwanza unamsikia mama huyu akigonga. Kisha mzinga unajibu. Hm. Sauti fupi, kama mtu aliyeitwa akiwa anatafuna. Anasema, "Huyu mzima. Ukigonga, nyuki wote wanashtuka pamoja, halafu wananyamaza pamoja." Anakwenda mwingine. Huo unajibu kwa sauti ndefu, inapanda inashuka, kama mtu anayelia kafumba mdomo. Anasema, "Hawa wamefiwa na malkia. Wanaomboleza. Hawa nitawasaidia leo." Mwandishi anamuuliza, "Na ukigonga kukawa kimya, mama?" Yeye anacheka. "Kimya? Kimya mimi sijawahi kukisikia."

Siku tisa baadaye alikisikia.

Ilikuwa hivi, wasikilizaji wapendwa. Mvua zilikuwa nyingi mwaka ule. Nzi wa matunda walikuwa wamevamia matikiti, wanatoboa, wanataga, tunda linaozea ndani. Bomba akipuliza asubuhi, mvua inaosha adhuhuri. Msimamizi akawa mkali. "Bomba, hii mvua inakunywa dawa yetu! Fanya kitu, mzee. Wewe ndiye fundi."

Bomba akarudi nyumbani kichwa kimejaa. Mezani mke wake alikuwa amemwaga maji ya sukari guru bila kujua, yamekauka, na sisimizi wamenaswa mle miguu juu. Akayagusa kwa kidole. Yananata. Akayamwagia maji. Bado yananata.

Jioni hiyo alipika sukari guru sufuria nzima, akaichuja kwa kitambaa. Kesho yake akaimimina kwenye bomba, juu ya dawa. Akatikisa.

Ilifanya kazi. Mvua ilinyesha, dawa ikabaki kwenye jani inang'aa kama mate ya konokono. Nzi waliifuata wenyewe kwa harufu, wakanywa, wakafa. Msimamizi alifurahi akampa koti jipya la mvua, la njano. Akamwambia, "Bomba, ungesoma wewe, ungekuwa profesa." Wapulizaji wengine wakaiga. Kwa siku nne, mabomba kumi na moja yalipuliza sukari guru yenye sumu juu ya maua yaliyofunguka, asubuhi, saa ambayo nyuki wako kazini.

Nasema tena, maana hapa ndipo penyewe. Dawa ilikuwa kali. Maua yalikuwa wazi. Ilikuwa asubuhi. Na ilikuwa tamu.

Siku ya pili yake aliweka bomba chini ili afunge kamba ya kiatu. Akaona nyuki wametua kwenye mdomo wa bomba. Wawili, kisha kumi. Akawapunga kwa kofia. Wakaruka, wakarudi. Akawapunga tena, wakarudi tena. Mchovya asali hachovyi mara moja, na hao walikuwa wenye asali wenyewe. Akafunga kifuniko, akaendelea na mstari wake. Miaka mingi baadaye alimwambia mke wake, "Niliwaona wakinywa, mama. Nikajiambia wana kiu."

Asubuhi ya tano dada yake akapiga simu. Hakulia. Alisema tu, "Njoo na ufagio."

Bomba alivuka uzio. Alisema kitu cha kwanza alichokiona ni ardhi imebadilika rangi. Chini ya kila mzinga kulikuwa na zulia la kahawia, na zulia lilikuwa linatetemeka kidogo pembeni. Dada yake alikuwa anapita mstari kwa mstari. Anagonga. Anainama. Anakwenda mwingine. Anagonga. Kila mzinga aliufungua, akapapasa ndani kwa vidole. Masega yamejaa asali. Watoto wa nyuki wamo kwenye vyumba vyao, weupe, hawana wa kuwalisha. Katika mzinga mmoja malkia alikuwa hai, peke yake, anazunguka juu ya sega kama mwenye nyumba anayetafuta wageni walikokwenda.

Bomba akafagia. Dada akamaliza kugonga, akashika ndoo. Zilijaa ndoo tatu.

Kisha dada akamgeukia. "Mdogo wangu, wewe unayajua madawa. Hii ni nini?"

Hapo, wasikilizaji wapendwa. Hapo ndipo maisha ya mtu huyu yalipokatika vipande viwili. Alijua. Alikuwa anajua tangu aliposhika ule ufagio. Angesema neno moja tu, mambo yangekuwa mengine. Alikuwa na kazi, nyumba ya kampuni, koti jipya. Akatazama chini, akasema, "Labda ni ugonjwa, dada."

Dada akaitikia, "Labda." Wakaendelea kufagia.

Alidanganya. Na uongo ule ulikaa miaka mitano.

Baada ya hapo eneo lile likawa geni. Mwenye bucha ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona. Alifurahi. Alitangaza barazani, "Jamani, nzi wamekwisha! Mwaka huu nyama yangu inalala kama bibi harusi." Wiki ya tatu akaacha kutania. Alisema anakaa dukani kutwa hasikii chochote kikiruka, na kwamba kuna nyakati alijikuta anapiga makofi ili asikie sauti. Dereva wa lori la matunda alisema kioo chake cha mbele hakichafuki tena. Zamani alikuwa anasimama mara mbili njiani kufuta wadudu. Sasa anakwenda na kurudi, kioo safi, na usafi ule ulimtia baridi.

Msimu uliofuata matikiti na matango yalitoa maua kama kawaida. Maua mengi, ya njano, mpaka kwenye uzio. Yalifunguka asubuhi, yakabaki wazi kama midomo, yakasubiri. Mchana yakafumba. Jioni yakaanguka. Hakuna tunda.

Kampuni ikaajiri kina mama sitini. Kila mmoja akapewa brashi ndogo ya kupakia rangi na kopo la chavua. Kazi yao ilikuwa kuinama kwenye kila ua na kuligusa, dume kisha jike, dume kisha jike, mstari baada ya mstari. Siku za kwanza walitaniana. Mmoja alisema, "Mume wangu akiniuliza kazi gani, nitamwambia mimi ni nyuki." Mwenzake akajibu, "Nyuki gani wewe usiyeruka? Hata mgongo hauunyooshi!" Wakacheka. Lakini kicheko katika shamba lile hakikuenda mbali, kilianguka palepale. Kufika katikati ya wiki walikuwa wanafanya kazi bila kusema. Wanawake sitini wamejifunga vilemba, wameinama, hakuna mdudu, hakuna ndege, unasikia brashi tu. Bomba alipita na bomba lake mgongoni, wala hakuweza kuwatazama.

Ndipo sikio lake la kushoto lilipoanza kuvuma.

Hm. Mchana kutwa. Alikwenda zahanati, akamulikwa sikio, hamna kitu. Alimwambia mke wake, "Kuna kitu kinanijibu, na sijagonga."

Na lile koti la njano. Hili mke wake amenisimulia yeye mwenyewe, na nilimuuliza mara mbili. Lilitundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Eneo zima halikuwa na nyuki hata wa dawa. Lakini kila baada ya siku chache Bomba alipoingiza mkono, ndani ya mkono wa koti palikuwa na nyuki mmoja mkavu. Mmoja tu. Walilikung'uta, wakalifua, wakalianika. Baada ya siku chache, mmoja. "Sielezi, nasema nilichokiona," mama amesema. "Tulikuwa wawili ndani ya nyumba ile, na mimi sikumwekea." Bomba aliwatia kwenye kiberiti kitupu. Hakuwatupa.

Miaka ikapita. Wafuga nyuki wa sehemu mbalimbali wakawa wamepiga kelele za kutosha, muswada ukaandikwa. Ulikuwa unataka mambo ya kawaida kabisa. Usipulize dawa maua yakiwa wazi. Mjulishe mfuga nyuki wa jirani siku mbili kabla. Kibandiko kiandikwe kwa lugha ambayo mpulizaji anaisoma. Dawa mbili zilizo kali zaidi zifutwe sokoni. Basi. Muswada ukasomwa, ukawekwa pembeni. Ukasomwa tena, ukawekwa tena. Kampuni zilisema nyuki hawakufa kwa dawa, na hakuna aliyekuwa na ushahidi. Mwisho kamati ya wabunge ikaja kukusanya maoni, ikakaa katika ukumbi wa chuo cha ufundi.

Shamba lilileta wafanyakazi wake kwa basi, wamevaa kofia mpya. Kazi yao ilikuwa kukaa na kupiga makofi. Bomba alikuwa safu ya nne.

Dada yake alipanda kwanza. Alisema alichokuwa nacho, wakati huo haoni zaidi ya kivuli. Chama cha wafuga nyuki kilikuwa kimetuomba ile kanda, ikachezwa. Ukumbi ukasikia upande wa kwanza. Kugonga, hm. Kugonga, hm. Watu wakatabasamu. Kisha ukageuzwa upande wa pili. Maana mwandishi wetu alikuwa amerudi kule kumalizia mahojiano, bila habari, asubuhi ileile ya ndoo tatu.

Upande wa pili, mama anagonga. Kimya. Anagonga tena. Kimya. Nyuma yake, kwa mbali, kuna sauti moja tu. Shwa. Shwa. Shwa.

Bomba aliijua. Ilikuwa ni yeye anafagia.

Baadaye akapanda mtaalamu wa kampuni, suti safi, maneno ya pole. Akasema masikitiko ni makubwa, lakini uchunguzi wao unaonyesha kwamba nyuki wale walikufa kwa ugonjwa. Hata mfuga nyuki mwenyewe, akasema, ametueleza hapa kwamba aliambiwa hivyo siku ileile na mtu anayeyafahamu madawa.

Neno lilelile. Lilitoka mdomoni mwa Bomba, likazunguka miaka mitano, likavaa suti, likarudi kumtafuta.

Wafanyakazi wakapiga makofi. Bomba akasimama. Wenzake walidhani anakwenda kujisaidia, wakampisha. Akaenda mbele, ameinama vilevile, bega moja chini. Akavua kofia.

"Mheshimiwa mwenyekiti," akasema, "huo ugonjwa ulipikwa jikoni kwangu."

Mwenyekiti akamwambia, "Sema vizuri, mzee, watu wanaandika."

Akasema vizuri. Sukari guru. Sufuria. Vifuniko viwili. Mabomba kumi na moja, siku nne, maua wazi, asubuhi. Akataja dawa kwa rangi ya chupa, kwa kuwa jina hakulijua, na mwenyekiti akamuuliza, "Miaka yote hiyo unapuliza kitu usichojua jina?" Akajibu, "Ndiyo, mheshimiwa. Na walionipa hawakulijua." Kisha akaweka kile kiberiti mezani, akakifungua.

Msimamizi alipiga kelele kutoka nyuma, "Bomba, umelewa wewe! Kaa chini!" Bomba hakugeuka. Alikuwa anamtazama dada yake.

Dada yake aliuliza swali moja tu. Hakupaza sauti. "Siku ile uliponifagilia, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, dada."

Akachukua mkoba wake. Akapapasa ukuta mpaka mlangoni. Akatoka.

Yaliyofuata mnayajua. Bomba alifukuzwa kazi, na nyumba ya kampuni ikafungwa siku hiyohiyo. Kabla ya mwaka kuisha, muswada ulisomwa mara ya tatu na safari hii ukapita. Kifungu cha saba hakikuwamo mwanzo. Kiliongezwa kwa maneno yake.

Lakini mtu huyu alilala wapi siku ile? Dada yake alimpa binti wa Bomba ufunguo, bila neno. Ulikuwa wa stoo iliyopo ua wa nyuma. Humo ndimo alimokuwa ameipanga mizinga arobaini, mitupu, mmoja juu ya mwingine, mpaka kwenye paa. Mke wa Bomba anasema, "Tuliweka kitanda katikati. Nilimwambia, mume wangu, tumetoka nyumba ya kampuni tumeingia makaburini."

Miezi saba dada hakusema naye. Alimletea chakula, akakiweka kizingitini, akaondoka. Maji yakimwagika hayazoleki, na Bomba hakujaribu kuyazoa.

Kisha asubuhi moja, dada anapita kwenda kwenye shughuli zake, akagonga ukuta wa stoo. Mara moja. Akasimama.

Ndani mume na mke wakatazamana. "Jibu," mke akasema.

"Nijibu nini?"

"Sasa utajibu nini wewe? Yule anagonga mizinga. Jibu kama mzinga!"

Bomba akasema, "Hm."

Nyayo zikaendelea.

Tangu siku ile, kila asubuhi. Anagonga, anajibiwa, anakwenda zake. Nilimuuliza dada yake kama huko ndiko kusamehe. Alinitazama kwa macho yale yasiyoona. "Sikumsamehe. Nilikuwa nahakikisha yuko hai. Hayo ni mambo mawili."

Na Bomba akaanza kazi nyingine, isiyo na bosi. Alizunguka duka kwa duka, shamba kwa shamba. Aliwafundisha wapulizaji: pulizeni jioni, nyuki wakisharudi. Alipiga hodi kwa wafuga nyuki, "Jirani, kesho kutwa watu wanapuliza, funga mizinga yako." Vijana walimcheka, "Leo simba anafundisha mbuzi kukimbia!" Akawajibu, "Nani anajua meno ya simba kuliko simba?"

Kisha kifua kikaanza. Miaka ishirini na sita ya dawa ile haipiti mtu akabaki salama. Mikono ikatetemeka, pumzi ikawa fupi. Mwezi uliopita dada yake aliingia stoo kwa mara ya kwanza, akakaa kitandani, akainama, akaweka sikio juu ya kifua cha mdogo wake. Akasikiliza kwa muda mrefu. Ile pumzi ilipanda ikashuka, kama mtu anayelia kafumba mdomo.

"Nini?" Bomba akauliza.

"Mzinga uliofiwa," dada akasema. Akamfunika shuka.

Sasa Jumanne. Sikilizeni vizuri.

Saa kumi na mbili asubuhi mke aliondoka kwenda zahanati kuwahi foleni ya dawa. Alimwona mume wake amelala, amegeukia ukutani, akamwacha apumzike. Saa moja dada akapita. Akagonga mara moja.

Hm.

Fupi. Safi. Dada anasema alifurahi, kwa sababu kwa siku nyingi jibu lilikuwa linakokota. Akasema kwa sauti, "Leo umeamka vizuri." Akaenda kwenye shughuli zake.

Saa tatu mke akarudi, akamgusa. Alikuwa baridi. Daktari wa zahanati alikuja, akamtazama, akauliza maswali, akauliza tena. Akasema mtu huyu alikufa kabla hakujapambazuka. Dada akasema, "Haiwezekani. Saa moja amenijibu."

Dada akanyanyuka, akapapasa ukuta mpaka pembe ya mwisho ya chumba. Akaanza kugonga mizinga. Wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya. Mke anasema alitaka kumzuia, akaogopa. Wa kumi na mbili, ule wa chini kabisa, ulio karibu na ufa wa ukuta.

Hm.

Kundi dogo. Halijazi hata viganja viwili. Hakuna anayejua liliingia lini. Mke alikuwa analala hatua mbili kutoka hapo na hakuwahi kulisikia. Kama Bomba alilijua, hakusema. Labda alidhani ni lile sikio lake.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kituo hiki natoa pole kwa mke wa marehemu, kwa binti yake, na kwa dada yake, mama mwenye mizinga arobaini ambayo sasa mmoja una wenyewe. Mungu awape subira. Bomba amezikwa jana. Koti la njano halikuzikwa naye. Bado limetundikwa, na mke wake amesema hataingiza mkono.

Na wewe unayenisikiliza. Sheria ipo, lakini sheria haina miguu. Leo hii yupo mtu amesimama mbele ya duka la dawa, ameshika chupa, anaangalia rangi. Kama ni wewe, muulize muuzaji kilichoandikwa. Akishindwa kukusomea, irudishe. Kama maua yako wazi, ngoja jioni. Kama una jirani mwenye mizinga, mwambie siku mbili kabla. Na kama kuna mtu alikuuliza "hii ni nini?" na ukamjibu "labda ugonjwa", na bado yuko hai, nenda kwake. Nenda leo.

Familia imeomba tusipige wimbo. Wameomba tucheze upande wa pili wa kanda. Ni dakika moja. Redio yako haijaharibika, usiiguse. Utasikia mama anagonga, kisha hutasikia kitu.

Ukitega sikio sana, kwa mbali, utasikia ufagio.

Huyo ndiye Bomba.